Kilo Kumi na Mbili za Upepo

Ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kwenye gazeti la juzi lenye doa la oili,
akarudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni,
kama mtu anayewafunulia wageni mtoto mchanga.
Supachaja. Imetoka Japani, asema fundi Nyabuto,
imefika Barabara ya Kirinyaga ndani ya injini iliyokwisha kufa,
"lakini yenyewe, mkubwa, ni nzima. Izungushe."
Nikaizungusha kwa kidole. Ikavuta pumzi.

Nyuma yangu Corolla ya kijivu, mlango mmoja mweupe,
imeinua boneti kama mgonjwa aliyeambiwa aseme aaa.

Tatizo la Nairobi, anasema, si gari, ni mwinuko.
Hewa ya huku juu imekonda.
Injini iliyoundwa inuse bahari
imekuja kunusa mawingu, inashinda njaa.
Hii itailisha. Itaishindilia hewa kooni
kama shangazi anavyoshindilia ugali sahanini.
Ukikanyaga pale Kangemi, yale malori ya Uganda
utayaacha yakikohoa peke yao.

Nami nayajua yale malori.
Miaka minane nimesoma migongo yao kila jioni,
gia ya pili, mguu umefika sakafuni,
na nyuma yangu mtu mwenye Subaru akinipigia honi
kana kwamba nimemwibia mlima.

Basi nikauliza bei. Nyabuto akakuna sikio.
Bei ya chombo, sawa. Halafu mkanda.
Halafu vishikizo vya kuchongesha Kariobangi.
Klachi mpya, maana ya zamani itateleza wiki ya kwanza.
Petroli ile ya ghali. Halafu bima, "ukipenda kuwaambia."
Nikahesabu kwa vidole mfukoni, asione:
karo ya Mwende muhula wa pili,
tangi la maji,
meno yangu mawili ya nyuma.

"Na hiyo nguvu yenyewe inatoka wapi?"
Hapo akatabasamu, akagusa puli kwa spana.
Inatoka kwa injini hiyo hiyo.
Hula kwanza, ndipo ilishe.
Nikanyamaza. Nina shemeji wa namna hiyo.

Tena mbio za kwenda wapi?
Toka Uthiru hadi kazini ni matuta ishirini na matatu,
nimeyahesabu.
Foleni ya Nyayo huenda mwendo wa muuza njugu,
na hata yeye hutupita, kisha hurudi kutuuzia.
Dhoruba hii ningeifanyia nini pale? Ningeipakata?

Lakini kuna Jumapili.
Kuna saa kumi na mbili asubuhi, Southern Bypass tupu,
umande kwenye lami, msitu upande mmoja,
na mimi, karani wa stoo, miaka arobaini na sita,
ambaye sijawahi kumpita mtu.

Nyabuto akasoma uso wangu. Mafundi husoma.
"Nenda nayo ukalale nayo. Kesho utaniambia."
Akaifunga kwa lile gazeti, akailaza kwenye buti
ubavuni mwa jeki.

Kangemi nikapanda kwa gia ya pili, kisha ya kwanza.
Gari limeongezeka kilo kumi na mbili
za upepo uliolala.
Lori likanipita. Lori!

Nyumbani, Kasyoka akafungua buti kutafuta mwavuli wake.
"Hiki nini?"
"Pumzi," nikasema.
Hakucheka. Akaiinua kwa mikono miwili, akaguna,
akaiweka ukingoni, akafunua gazeti,
akaizungusha kwa kidole kama mimi, ila yeye mara mbili.
Nikangoja karo itajwe. Nikangoja tangi.
Akasema, bila kunitazama:
"Ikiwekwa, linafika ngapi?"